"Tuko Wangapi?": Historia ya Kupima Hatari katika Mahusiano ya Wenzi Wengi, Arusha na Mlima Meru

Makala haya yanachunguza namna wakazi wa Arusha na miteremko ya Mlima Meru walivyopima na kudhibiti hatari katika mahusiano ya kimapenzi yenye wenzi zaidi ya mmoja. Hoja kuu ni kwamba hatari hiyo haikutegemea idadi ya wenzi pekee. Ilitegemea pia uwezo wa mhusika kujua ameunganishwa na nani kupitia wenzi hao.

Waarusha wana lugha na mfumo wa rika unaofanana na wa Wamaasai. Katika jadi ya Wamaasai, mwanamume msafiri alipokewa katika boma la mwanarika mwenzake, na mke wa mwenyeji, akiridhia, angeweza kulala naye. Desturi hiyo haikuwa holela. Binti wa mwanarika alihesabiwa kuwa binti wa rika zima, hivyo alikuwa mwiko. Mtoto aliyezaliwa alikuwa wa mume wa ndoa. Hatari zilizopimwa zilikuwa za kijamii: aibu, ugomvi, laana na utata wa nasaba. Udhibiti ulikuwa mikononi mwa kundi, na mduara wa wahusika ulifahamika. Hata hivyo, kanuni zilitungwa na wanaume, na ridhaa ya mwanamke ilipimwa ndani ya mamlaka yao.

Mabadiliko yalikuja kwa hatua. Wajerumani walijenga boma la Arusha mwaka 1900, na Walutheri wa Leipzig wakafungua misheni Ilboru mwaka 1904, wakihubiri ndoa ya mke mmoja. Baadaye, kugunduliwa kwa tanzaniti Mererani mwaka 1967 kulivuta vijana wengi migodini. Wachimbaji hao, walioitwa wanaapolo, walikwenda Arusha kutumia fedha zao. Lugha ya mijini nayo ilipata misemo kama "nyumba ndogo" na "mafiga matatu". Tofauti na wanarika, wenzi wa mtu mmoja mjini mara nyingi hawakufahamiana, na hapakuwa na baraza la kuwauliza.

UKIMWI ulipotambuliwa nchini mwaka 1983, mkoani Kagera, hatari ilipata sura mpya. Virusi huambukiza kwa urahisi zaidi katika majuma ya mwanzo, wakati mwenye navyo anaonekana mzima na kipimo cha kingamwili huenda kisivione. Katika hali hiyo, mtu mmoja mwenye mwenzi mgodini na mwingine bomani angeweza kuunganisha watu wasiojuana kabisa. Uaminifu ndani ya mduara haukutosha tena, kwa sababu mduara wenyewe ulikuwa na mlango usioonekana. Hata hivyo, si haki kuilaumu desturi ya rika peke yake. Katika utafiti wa kitaifa wa 2011-12, maambukizi mkoani Arusha yalikuwa chini ya wastani wa taifa wa asilimia 5.1.

Nyenzo zilizofuata zilihamishia udhibiti kwa mtu binafsi. Kondomu za Salama, zilizoingia sokoni mwaka 1993, zilipunguza haja ya kujua historia ya mwenzi. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure mwaka 2004. Anayezitumia hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono. Sheria ya mwaka 2008 ilimtaka anayejua ameambukizwa amwarifu mwenzi wake, na marekebisho ya mwaka 2019 yaliruhusu mtu kujipima mwenyewe. Lakini nyenzo hizi hazikugawa mzigo sawasawa. Mwanamke anayemtegemea mwanamume kwa kodi na chakula huweza kujua hatari vizuri kabisa, na bado akakosa nguvu ya kudai kondomu au kutangaza majibu yake.

Kampeni ya "Tuko Wangapi? Tulizana" ilirejesha swali ambalo rika liliweza kulijibu kwa kiasi na mji ukalizika. Historia ya Arusha inaonesha kwamba swali hilo hudhibiti hatari pale tu jibu la kweli linaposemeka bila kipigo, talaka wala aibu. Kipimo humwambia mtu hali yake, ingawa maambukizi ya majuma ya karibuni huenda kisiyaone. Hakimwambii mwenzi wake amelala wapi jana. Pengo hilo lilizibwa zamani kwa amri ya kundi. Leo linazibwa kwa kinga, kwa kupima mara kwa mara, na kwa ridhaa ambayo mwenye kuitoa anaweza pia kuikataa.