Nyimbo za Upande wa Pili

Kila santuri ndogo ina pande mbili. Upande wa kwanza huwekwa kibao kinachotakiwa kupigwa redioni. Upande wa pili huwekwa chochote kilichobaki, ilimradi pasikae patupu. Hayo ndiyo yalikuwa mazoea ya makampuni mengi. Basi sikilizeni habari za jamaa mmoja wa Manchester, Uingereza, aliyekataa kuweka makapi huko nyuma, na jinsi ukaidi huo ulivyomgharimu.

Jamaa mwenyewe ni Noel Gallagher, mpiga gitaa na mtunzi wa Oasis, bendi iliyoanza mwaka 1991, mdogo wake Liam akiwa mwimbaji. Wakati wao santuri ilikuwa imeshageuka CD, na CD ya kibao kimoja kule Uingereza ilibeba nyimbo tatu au nne. Kwa hiyo kila walipofyatua kibao, Noel alidaiwa nyimbo mbili tatu za ziada. Wengine walijazia mabaki. Yeye akawa anamwaga vitu vya nguvu.

Hebu tazama hesabu yake. Mwisho wa 1994, nyuma ya "Whatever", akaweka "Half the World Away". Mwaka 1995 "Some Might Say", kibao chao cha kwanza kushika namba moja Uingereza, kikabeba mgongoni "Acquiesce", ambamo ndugu hawa wasiopikika chungu kimoja wanapokezana kuimba. Humohumo imo "Talk Tonight", iliyotokana na safari ya Marekani ya 1994, pale Noel alipoitoroka bendi katikati ya ziara akakimbilia San Francisco. Mwaka huohuo wa 1995, nyuma ya "Wonderwall", ukaingia "The Masterplan". Noel amesimulia kwamba aliambiwa na watu wa kampuni kuwa wimbo ule ni mzuri mno kufichwa kule. Hakusikia la mtu.

Sasa sikia kilichofuata. Agosti 1997 ikatoka albamu yao ya tatu, Be Here Now. Siku ya kwanza tu ziliuzwa nakala zaidi ya 350,000 Uingereza. Lakini watu walipotulia nyumbani wakasikiliza, loo! Nyimbo ndefu, magitaa yamerundikwa juu ya magitaa, utunzi wenyewe mwembamba. Ghala lilikuwa tupu. Wahenga walisema akiba haiozi, na Noel hakuwa nayo. Baadaye amesema wazi kwamba anajutia kuzitoa nyimbo zile mapema.

Novemba 1998 bendi ikakusanya nyimbo 14 za upande wa pili katika albamu moja, ikaiita The Masterplan. Ikafika namba mbili Uingereza. Wapo wanaoiweka juu ya Be Here Now, na mimi nimo. Huku nyuma Noel hashindani na mtu. Mara kadhaa anaimba mwenyewe, polepole, habari za uchovu wa safari na hamu ya kuondoka mjini. Kule mbele ilibidi uwanja mzima utikisike. Huku ilitosha mtu mmoja akuelewe.

Swali hili, wenzangu mnaoandika, ni letu pia. Una shairi moja kali. Ulitoe leo kwenye jarida dogo kama hili, au ulifungie kabatini ungoje kitabu? Hesabu ya 1997 inasema fungia. Lakini Julai 2025 Oasis waliporudi jukwaani Cardiff, karibu miaka 16 tangu wasambaratike, walipiga nyimbo tano zilizomo kwenye The Masterplan. Za Be Here Now zilikuwa mbili tu. Watu waliimba zote, na hakuna aliyeuliza upi ulitoka upande gani.

Mimi langu nalitoa.