Miungano Miwili Kandokando ya Mto Ohio: Ardhi na Kuundwa kwa Taifa la Marekani, 1780-1823

Vitabu vingi vya shule husimulia upanuzi wa Marekani kana kwamba ulikuwa mwendo wa wakulima tu: watu na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe wakielekea magharibi, na serikali ikiwafuata nyuma. Masimulizi hayo yanaficha jambo kubwa. Kabla wakulima wengi hawajavuka mto Ohio, palikuwa na mabishano marefu juu ya mwenye haki ya ardhi ya ng'ambo, na ni katika mabishano hayo majimbo 13 yalipojifunza kuwa nchi moja. Upande wa pili wa mto huohuo, katika miaka ileile, watu wengine walikuwa wakijenga muungano wao wenyewe juu ya kanuni iliyofanana mno na ile ya majimbo. Ni nadra miungano hiyo miwili kutazamwa kwa pamoja.

Ilipoanza vita ya kujitoa katika utawala wa Uingereza, majimbo 7 yalidai nchi za magharibi, mengi yao kwa kutegemea hati walizopewa na wafalme wa Kiingereza. Virginia ndiyo iliyodai eneo kubwa kuliko yote, kwani ilihesabu kuwa yake karibu nchi nzima iliyo kaskazini ya Ohio. Majimbo 6 hayakuwa na dai lolote. Miongoni mwa hayo, Maryland ilikataa kutia sahihi Vifungu vya Shirikisho, yaani katiba ya kwanza ya muungano iliyoandikwa mwaka 1777, na hoja yake ilikuwa kwamba ardhi inayopatikana kwa damu na mali ya wote haiwezi kuwa milki ya mmoja. Hoja hiyo ilikuwa na uzito. Nia iliyokuwa nyuma yake haikuwa safi kiasi hicho. Baadhi ya wakuu wa Maryland, akiwemo Thomas Johnson aliyekuwa gavana tangu 1777 hadi 1779, walikuwa na hisa katika makampuni yaliyonunua ardhi moja kwa moja kutoka kwa wenyeji wa bonde la mto Wabash mwaka 1775. Endapo Virginia ingeshinda, ununuzi wao ungefutwa. Jina la Johnson litarejea mwishoni mwa habari hii.

Hata hivyo hoja ilishinda, kwa kuwa vita ilikuwa haijaisha na muungano ulihitajika. Tarehe 10 Oktoba 1780, Kongresi iliamua kwamba ardhi zitakazoachwa na majimbo zitakuwa mali ya wote, na kwamba humo yataundwa majimbo mapya yenye haki sawa na yale ya zamani. Mwezi wa Januari 1781 Virginia iliahidi kuachia dai lake. Maryland ikatia sahihi, na tarehe 1 Machi Shirikisho likaanza kisheria. Virginia ilikamilisha ahadi yake mwaka 1784, na Georgia, iliyokuwa ya mwisho, mwaka 1802. Hivyo basi, mali kubwa ya kwanza ambayo Wamarekani waliimiliki kwa pamoja ilikuwa nchi ambayo wengi wao hawajaiona, na ambayo watu wengine walikuwa wakiishi humo, wakilima mahindi yao na kuzika wafu wao.

Kongresi ilikuwa na madeni makubwa ya vita na haikuwa na uwezo wa kutoza kodi. Ardhi ndiyo iliyokuwa hazina yake. Sheria ya tarehe 20 Mei 1785 iliagiza nchi ipimwe kwa miraba ya maili 6 kila upande, kila mraba ugawanywe vipande 36 vya ekari 640, na kila kipande kiuzwe kwa mnada kwa bei isiyopungua dola 1 kwa ekari. Kipande cha 16 katika kila mraba kilitengwa kwa ajili ya shule. Mistari hiyo ya wapimaji, iliyoanzia ukingoni mwa Ohio kwenye mpaka wa Pennsylvania, haikujali kilima wala kijito, na hadi leo huonekana katika barabara na mashamba ya sehemu hizo. Ila mkulima maskini, ambaye sheria hii ilidhaniwa kumfaa, hakuwa na dola 640 mkononi; walionufaika mwanzoni walikuwa makampuni na matajiri.

Sheria ya tarehe 13 Julai 1787 ilikamilisha kazi. Eneo la kaskazini-magharibi ya Ohio liliwekwa chini ya gavana, katibu na mahakimu 3 walioteuliwa na Kongresi. Wanaume huru waliotimiza umri wakifika 5,000, wangechagua baraza lao. Watu huru wakifika 60,000, wangeingia katika muungano kama jimbo lililo sawa na mengine. Kiswahili kina neno moja, mpaka, kwa kikomo cha mahali na kwa kikomo cha wakati. Katika sheria ya 1787 maana hizo mbili zilikutana: eneo lilibaki nje ya mpaka wa majimbo mpaka idadi itimie. Himaya nyingi hapo kale zilipanuka kwa kutawala makoloni; Marekani ilibuni njia ya kupanuka kwa kuyageuza makoloni yake kuwa washirika, mradi tu wakazi wanaohesabiwa wawe ni wake. Sheria hiyohiyo ilikataza utumwa kaskazini ya mto, ingawa iliruhusu mtumwa aliyetoroka arudishwe kwa bwana wake. Kusini ya mto, Kentucky iliingia katika muungano mwaka 1792 pamoja na watumwa wake. Tena iliahidi kwamba ardhi ya wenyeji haitachukuliwa bila ridhaa yao.

Wenyeji hao, ambao vitabu vya zamani viliwaita Wahindi Wekundu, walikuwa mataifa mengi: Washawnee, Wamiami, Wadelaware, Wawyandot, Waottawa na wengineo. Katika mkataba wa amani wa 1783, Uingereza iliwakabidhi Wamarekani nchi yote hadi mto Mississippi bila kuwashirikisha. Kati ya 1784 na 1786 wajumbe wa Kongresi walifanya mikataba mitatu na makundi mbalimbali, kila kundi kwa wakati wake, wakiwaambia kuwa wamekwisha kushindwa. Jibu lilitolewa mwezi wa Desemba 1786, pale wajumbe wa mataifa hayo, akiwemo Mmohawk Thayendanegea ambaye Wazungu walimwita Joseph Brant, walipokutana karibu na Detroit na kuiandikia Kongresi. Walisema mikataba iliyofanywa na kundi mojamoja haiwafungi, na kwamba ardhi haiwezi kutolewa ila kwa sauti moja ya muungano wao, katika mkutano wa hadhara. Haikupita miezi 7 Kongresi ikapitisha ile sheria ya 1787.

Ni vema kusimama hapa kidogo. Maryland ilisema: ardhi hii ni ya wote, haiwezi kuwa ya jimbo moja. Mkutano wa Detroit ulisema: ardhi hii ni yetu sote, taifa moja haliwezi kuiuza. Kanuni ni moja. Wala hakuna haja ya kudhani kuwa upande mmoja ulimwiga mwingine; pande zote mbili zilitambua kwamba ushirika usio na mali ya pamoja huvunjika upesi.

Kilichofuata kiliamuliwa na vita. Mwaka 1790 jeshi la Josiah Harmar lilipigwa. Tarehe 4 Novemba 1791, gavana Arthur St. Clair mwenyewe alishambuliwa alfajiri karibu na chanzo cha mto Wabash na wapiganaji walioongozwa na Little Turtle wa Wamiami na Blue Jacket wa Washawnee. Askari wake zaidi ya 600 waliuawa. Hakuna jeshi la wenyeji lililowahi kuipa Marekani pigo zito kuliko hilo. Mwaka 1793 serikali ilituma wajumbe kutoa fedha ili ardhi iachwe. Jibu la muungano, lililotolewa mwezi wa Agosti, linastahili kukumbukwa kwa werevu wake: fedha, walisema, kwetu hazina thamani, wagawieni wale walowezi maskini waliokuja katika nchi yetu, nao wataondoka kwa hiari. Wakaongeza kwamba mpaka wao ni mto Ohio. Mazungumzo yakaishia hapo.

Anthony Wayne aliwashinda tarehe 20 Agosti 1794 mahali paitwapo Fallen Timbers, na wakati wapiganaji walipokimbilia ngome ya Waingereza iliyokuwa jirani, lango lilifungwa mbele yao. Mwaka uliofuata, huko Greenville, mataifa 12 yaliachia sehemu kubwa ya nchi ambayo mwaka 1803 ikawa jimbo la Ohio. Wanahistoria huangalia zaidi ramani ya mkataba huo, lakini hesabu yake ya fedha haina uzito mdogo. Malipo ya kila mwaka yalikuwa bidhaa za dola 9,500, nazo hazikutolewa kwa muungano: mataifa 7 yalipata dola 1,000 kila moja, na mataifa 5 madogo dola 500 kila moja. Tangu siku hiyo kila taifa lilikuwa na daftari lake katika ofisi za serikali, na daftari hilo lilifanya kazi ambayo mizinga haikuweza kuimaliza.

Rais Thomas Jefferson alilielewa jambo hilo. Katika barua ya siri ya Februari 1803 alimweleza William Henry Harrison, gavana wa eneo la Indiana, kwamba ingefaa wakuu wa wenyeji waachwe waingie katika madeni kwenye maduka ya serikali, kwani mtu aliyezidiwa na deni hukubali kulilipa kwa ardhi. Haraka yake ilitokana na hofu kuwa Ufaransa ingejiimarisha Louisiana. Hofu hiyo iliondolewa na Waafrika wa kisiwa cha Saint-Domingue, ambao wengi wao walikuwa wamezaliwa katika nchi za Kongo na kuuzwa ng'ambo: walipoliangamiza jeshi la Napoleon, wakisaidiwa na homa ya manjano, Ufaransa haikuwa tena na matumizi ya Louisiana, ikaiuza mwaka huohuo kwa dola milioni 15. Eneo la Marekani likaongezeka karibu mara mbili. Ushindi wa watumwa hao ulifungua pia nchi mpya ambamo utumwa ungeenea.

Harrison aliendelea kununua. Mwezi wa Septemba 1809, huko Fort Wayne, alipata karibu ekari milioni 3 kutoka kwa mataifa machache. Ndipo Tecumseh, Mshawnee, alipomkabili mjini Vincennes mwezi wa Agosti 1810 na kuirudia kanuni ya 1786: ardhi ni ya wote, waliouza hawakuwa na haki ya kuuza. Harrison alijibu kwamba wenyeji si taifa moja, kwa maana Mungu aliwapa lugha mbalimbali. Msomaji anayeishi katika nchi ya lugha nyingi ataipima hoja hiyo mwenyewe; itoshe kutaja kwamba wakati huo Kijerumani kilikuwa lugha ya nyumbani na ya kanisani kwa watu wengi wa Pennsylvania, na hakuna aliyesema kuwa Pennsylvania haimo katika taifa. Tarehe 7 Novemba 1811, Tecumseh akiwa safarini kusini kutafuta washirika, Harrison alipigana na watu wake kando ya mto Tippecanoe, kisha akakichoma moto kijiji chao. Tecumseh aliuawa vitani nchini Kanada tarehe 5 Oktoba 1813, na muungano alioujenga haukuinuka tena.

Ilibaki kesi moja. Thomas Johnson wa Maryland alifariki mwaka 1819, na warithi wake wakadai ardhi ile iliyonunuliwa Wabash kutoka kwa Wapiankeshaw. Mwaka 1823 Mahakama Kuu, kwa kalamu ya jaji mkuu John Marshall, iliamua kwamba ununuzi huo haukuwa na nguvu: wenyeji wana haki ya kuikalia ardhi tu, wala hawawezi kumuuzia yeyote isipokuwa serikali. Warithi wa Johnson wakashindwa. Katika shauri hilo Wapiankeshaw hawakuwa wadai wala wadaiwa.