Friti si ya Mzungu peke yake: safari ya kiazi mpaka Kalemie

Ndugu wenzangu wa chuo, kuko maneno tunayasema kila siku bila kuuliza yametoka wapi. Moja ni "viazi ulaya". Ng'ambo ya ziwa vitabu vinaandika hivyo. Warundi wanasema ibiraya, na Ulaya kwao ni Buraya. Jina lenyewe limeshakata kesi: kiazi ni cha Mzungu, friti ni chakula cha Mzungu, sisi tunaonja tu. Mimi kama mtu wa agronomia naona kesi hiyo ilikatwa vibaya, na hasara yake tunailipa sokoni.

Tuanze mbali kidogo. Kiazi hakikuzaliwa Ulaya. Wakulima wa milima ya Andes, upande wa Peru na Bolivia, karibu na ziwa Titicaca, ndio walikitoa porini na kukifuga miaka elfu nyingi iliyopita. Wahispania walikipeleka Ulaya katika karne ya 16, na huko watu wengi walikiogopa kwanza. Kwa muda mrefu kilikuwa chakula cha nguruwe na cha maskini.

Na friti je? Wabelgiji wanapenda kusimulia kwamba wavuvi wa Namur, mto ulipoganda kwa baridi karne ya 17, walikosa samaki, wakakata viazi mfano wa samaki wadogo na kuvikaanga. Ni hadithi tamu, hata sisi watu wa ndagaa tunaielewa haraka. Lakini wanahistoria wengi wanaikataa: wakati ule kiazi kilikuwa hakijaenea sehemu ile, na mafuta yalikuwa ghali kwa maskini. Wafaransa nao wanasema friti ilianzia Paris. Tunachojua ni kwamba katika karne ya 19 ilikuwa tayari inauzwa kwenye maonyesho na sikukuu za Ubelgiji, kama Liège, na desturi ikabaki ya kuikaanga mara mbili ndani ya mafuta ya ng'ombe.

Watu hao ndio walikuja kwetu. Kapiteni Jacques alijenga ngome hapa mwisho wa 1891, ikaitwa Albertville. Mwaka 1908 Kongo ikawa koloni ya Ubelgiji, na 1915 reli ya kutoka Kabalo ikafika ziwani. Katika nchi za juu za maziwa makubwa, wamisionari na wakoloni walipanda viazi kwenye bustani zao. Lakini angalia: waliovichukua kutoka bustani na kuvifanya shamba, kutoka Burundi mpaka Kivu, ni wakulima wetu wenyewe, kwa jembe la mkono.

Kisha iko jambo la mafuta. Friti haiko friti bila mafuta, na mngazi ni mti wa Afrika. Mawese yanavumilia moto sana, na karibu nusu yake ni mafuta ya kuganda, sawa na yale ya ng'ombe. Mzungu aliijua thamani yake: 1911 kampuni ya Lever ilipewa ardhi kubwa ya ngazi katika Kongo, na watu walilazimishwa kukata ngazi. Hata mafuta meupe ya bidoni unayonunua leo, mara nyingi ni mawese yaliyosafishwa. Kwa hiyo ndani ya sufuria ya friti kuko jasho la Mwandes, ufundi wa Mbelgiji na mti wetu.

Wenye kupika watauliza: mbona ya nyumbani inalegea? Sababu iko ndani ya kiazi. Chagua chenye wanga mwingi na maji kidogo. Usikiweke ndani ya frigo, juu baridi inageuza wanga kuwa sukari, na friti inakuwa nyeusi mbele ya kuiva. Kata, osha mpaka maji yawe meupe, kausha vizuri na kitambaa. Kaanga mara ya kwanza kwa moto wa kadiri, karibu digrii 150, mpaka ilainike bila kupata rangi. Toa, acha ipoe. Kisha ongeza makala kwenye mbabula, mafuta yafike karibu 180, rudisha dakika chache tu. Kidogo kidogo, usijaze sufuria. Mara ya kwanza inaivisha ndani, mara ya pili inakausha ngozi. Chumvi mwishoni.

Sasa turudi sokoni. Kalemie iko chini, karibu metre 770 juu ya bahari. Usiku ukipita digrii 20, kiazi kinatoa majani mengi na matunda machache chini. Ndiyo maana hapa mjini hakizai vizuri. Lakini tuna Marungu, katika teritwari ya Moba, mkoa wetu wenyewe, milima inayopita metre 2000. Baridi iko, udongo uko. Kinachopungua ni mbegu safi isiyo na ugonjwa, barabara ya kushuka mpaka ziwani, na watu waliosoma kazi hii kukubali kupanda kule.

Tukiendelea kuamini kwamba kiazi ni cha Ulaya, tutaendelea kukinunua kama kitu kilichotoka Ulaya. Mkulima wa Andes hakungoja Mzungu amfundishe. Sisi tunangoja nani?