Kilimia na Mwendo wa Dunia

Wazee wetu wa pwani waliliita kundi moja la nyota Kilimia, jina litokanalo na kulima, kwa sababu kuonekana na kutoweka kwake kuliwajulisha majira ya kushika jembe. Mabaharia nao waliuhesabu mwaka wa Nairuzi, wenye siku 365, kwa miongo, yaani makumi ya siku, wapate kujua wakati wa kaskazi na wa kusi.

Je, Kilimia husafiri angani kama kionekanavyo? La, isafiriyo ni dunia. Hujizungusha kutoka magharibi kwenda mashariki, nasi tulio juu yake twaliona jua na nyota vikienda kinyume, kama abiria wa jahazi aionavyo minazi ya pwani ikirudi nyuma. Mzunguko huo, ukipimwa kwa nyota, huchukua saa 23 na dakika 56. Hivyo kila siku nyota huchomoza mapema zaidi kwa dakika 4 hivi, yaani saa 2 kwa mwezi. Na kwa kuwa dunia hulizunguka jua pia, mwezi wa Mei Kilimia hufichwa na mwanga wa jua. Mwezi wa Juni huonekana tena alfajiri.

Basi walichokiona wazee kilikuwa kweli, na sayansi yatupa sababu yake. Tukifundisha mzunguko wa dunia bila kukitaja Kilimia, twamnyima mwanafunzi sehemu ya urithi wake, naye atadhani elimu ya nyota ni mali ya wageni.