Viumbe wanaotawala dunia: mfano wa Busia na Malaba

Viumbe wanaotawala dunia ni makundi ya viumbe hai yanayoyapita mengine kwa uzito, kwa idadi, kwa wingi wa spishi au kwa uwezo wa kubadili mazingira. Kila kipimo kina mshindi wake. Binadamu anatajwa kwenye hicho cha mwisho tu, na hata hapo bakteria walimtangulia: ndio waliojaza hewa oksijeni, zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita. Makala hii inachukua mifano yake Kaunti ya Busia, magharibi mwa Kenya, kwenye mpaka wa Uganda. Mgeni anayefika Malaba na kukuta foleni ya malori ya makontena atadhani jibu liko wazi. Aangalie chini.

Uzito

Mwaka 2018 wanasayansi Yinon Bar-On, Rob Phillips na Ron Milo walichapisha makadirio ya kaboni iliyomo katika viumbe wote wa dunia: tani bilioni 550 hivi. Mimea peke yake ina 450. Bakteria wana 70, wengi wao wakiishi chini sana ardhini. Kuvu wana 12. Wanyama wote, nyangumi na kiroboto wakiwamo, wana 2 tu, na binadamu ni 0.06. Kwa hiyo mashamba ya mihogo na miwa ya Busia, pamoja na mafunjo ya kando ya Mto Sio, ndiyo sura halisi ya utawala wa uzito.

Mifugo inatupita: ina 0.1, ilhali mamalia wote wa porini hawafiki hata 0.01. Kuku wa kufugwa pia wana uzito zaidi ya mara mbili ya ndege wote wa porini. Anayeziona trei za mayai zikivushwa mpakani juu ya bodaboda (chombo kilichopata jina lake papa hapa, kwa kubeba watu kutoka boda hadi boda) hahitaji kushawishiwa sana.

Bakteria hawaonekani kwa macho, lakini kazi yao inaonekana. Ng'oa mche wa maharagwe unaokaribia kuchanua, ukung'ute udongo taratibu. Mizizini kuna vinundu vidogo. Kipasue kimoja kwa ukucha: kikiwa na rangi ya waridi ndani, bakteria wamo kazini, wanageuza nitrojeni ya hewani kuwa mbolea ambayo mkulima hakuinunua.

Kichuguu

Mchwa wote wa dunia kwa pamoja wana uzito unaokaribia ule wa binadamu wote. Busia hilo halishangazi, kwa kuwa vichuguu vimejaa mashambani. Ndani ya kichuguu cha mchwa wa jenasi Macrotermes kuna ushirika wa falme tatu. Wafanyakazi hutafuna nyasi na miti mikavu, kisha huweka vinyesi vyao kwenye masega. Kuvu wa jenasi Termitomyces huota humo na kulainisha kilichoshindikana kumeng'enywa. Bakteria wa tumboni humalizia. Malkia, mnene kama kidole, hutaga maelfu ya mayai kwa siku. Mvua zikinyesha, kuvu huyohuyo huchomoza nje na kuwa uyoga, na watu huuchuma kwa mboga.

Ndipo kumbikumbi nao huruka. Wajaluo huwaita ng'wen, Wateso wa Malaba na Amagoro huwaita ikong. Baadhi ya Wateso hawangoji mvua: hufunika tundu la kichuguu, wakaketi kando na kupiga vijiti mfululizo hadi kumbikumbi wakadhani mvua imefika, wakatoka. Huliwa wabichi, au hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe, wakakaushwa na kupelekwa sokoni. Udongo wa kichuguu nao hufyatuliwa matofali, na wapo wajawazito wanaoula. Kwa maoni ya mwandishi, hakuna mnyama anayestahili kuitwa mtawala wa nchi kavu ya eneo hili kuliko mchwa, ng'ombe akiwamo.

Idadi

Kwa hesabu ya vichwa, mshindi miongoni mwa wanyama ni nematodi, yaani minyoo mviringo. Makadirio ya mwaka 2019 yanasema wako milioni-milioni-milioni 440 katika udongo wa juu wa dunia. Kati ya wanyama watano, wanne ni wao. Wengi hawana madhara. Wachache huingia mwilini, na kwa hao Busia ina historia.

Mwaka 1998 mradi wa kutibu minyoo ulianza katika shule 75 za msingi za Budalang'i na Funyula, kusini mwa Busia ya wakati huo. Watoto 9 kati ya 10 waliopimwa walikuwa na minyoo ya aina moja au zaidi: safura, mchango, minyoo mjeledi au kichocho (hiki cha mwisho hakitokani na nematodi). Wachumi Edward Miguel na Michael Kremer walichapisha matokeo mwaka 2004, wakisema utoro shuleni ulipungua kwa robo. Hesabu zao zimebishaniwa tangu hapo, lakini Kenya ilianza kampeni ya kitaifa ya dawa shuleni mwaka 2009, na Kremer alishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Kidonge huua minyoo iliyo tumboni. Mayai na viluwiluwi vya nematodi hao hubaki udongoni, kwa hiyo watoto humezeshwa dawa tena na tena.