Ngisi, Hesabu na Mapigo ya Moyo

Ndugu tuliosoma hapa zamani, nanyi wadogo zetu mlioko madarasani,

Tulipokuwa kidato cha tatu tulizoea kumwuliza mwalimu, "Hesabu hizi zitatufaa nini?" Mimi nilizipa kisogo, na leo kazi yangu ni mafaili. Jibu nililipata ukubwani, siku nilipompeleka mzee wangu kupimwa moyo. Niliutazama mstari ukipanda na kushuka juu ya karatasi, nikajiuliza: umeme huu watoka wapi?

Mwaka 1939, huko Plymouth, Uingereza, Alan Hodgkin na Andrew Huxley walipenyeza kipimio chembamba ndani ya neva ya ngisi, yule yule tumlaye pwani. Walimchagua kwa kuwa ana neva nene inayoonekana kwa macho. Mwaka huo huo vita vikazuka, kazi ikasimama.

Baada ya vita walirudi kwa ngisi wao. Waligundua kuwa neva ikisisimka, sodiamu huingia ndani, kisha potasiamu hutoka nje. Huo ndio umeme wenyewe. Wakaliandika jambo hilo kwa milinganyo. Lakini je, ilikuwa kweli? Kompyuta ya Cambridge wakati huo ilikuwa imesimamishwa ili irekebishwe. Basi Huxley akakokotoa kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, kwa muda wa majuma matatu hivi. Hesabu ilisema habari husafiri katika neva mita 18.8 kwa sekunde. Neva yenyewe ilipopimwa ilitoa 21.2. Matokeo yalichapishwa mwaka 1952, na mwaka 1963 wakapewa Tuzo ya Nobel pamoja na John Eccles.

Msuli nao ulikwisha kupata mlinganyo wake mwaka 1938, kwa A. V. Hill: mzigo ukizidi, msuli hujikunja polepole zaidi. Zamu ya moyo ilifika mwaka 1960. Kijana Denis Noble wa London aliigeuza milinganyo ya ngisi ifuate chembe za moyo. Kompyuta alipewa saa nane hadi saa kumi za usiku tu. Moyo wa tarakimu ukapiga wenyewe!

Siku hizi milinganyo ya ukoo huo husaidia kutambua dawa zinazoweza kuvuruga mapigo, kabla mgonjwa hajazimeza.

Wadogo zetu, mzee wangu angali hai. Msizipe hesabu kisogo kama nilivyofanya mimi.