Kinga Yenye Gharama

Malaria ilikuwapo katika pwani hii karne nyingi kabla Sultani Majid hajaanza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860. Joto halipungui sana, mvua hunyesha misimu miwili, na mabonde kama la Msimbazi hutuamisha maji ambamo mbu anofelesi huzaliana. Robert Koch alikuja kuchunguza homa za hapa mwaka 1897 na 1898. Wanasayansi wa zama zile, yeye akiwamo, walifundisha kwamba mwenyeji hupata kinga kwa kuugua mara kwa mara utotoni.

Maelezo hayo ni ya kweli, ila hayatoshi. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916, waliweka kambi ya wapagazi mahali palipo Kariakoo ya leo. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia iliwateremsha maelfu ya vijana wa nyanda za juu za Kenya hadi nchi ya joto, na maradhi yaliwaua wengi kuliko risasi. Kinga ya utotoni hawakuwa nayo. Lakini ndani ya damu kulikuwa na tofauti nyingine, iliyokaa bila kujulikana kwa zaidi ya miaka 30.

Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi hiyo. Katika baadhi ya jamii za pwani na za kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 kati ya 100 walibeba jeni moja ya selimundu. Milimani hawakufika hata 1. Hapo palikuwa na fumbo. Mtoto anayerithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama pia, seli zake nyekundu hupinda kama mundu na kuziba mishipa, na zamani wengi wa watoto hao walikufa wadogo. Kwa nini basi jeni hiyo haikutoweka? Wapo waliodhani kwamba huzuka upya kila mara. Dhana hiyo ilidai mabadiliko ya kasi isiyo ya kawaida, tena haikueleza kwa nini jeni humfuata mbu. Allison alirudi mwaka 1953, akapima watoto wa Buganda, na mwaka 1954 akatangaza jibu: wenye jeni moja hawakushambuliwa sana na vimelea vya malaria.

Kinga hiyo inavyofanya kazi, bado wataalamu wanajadiliana. Wengine husema kimelea hudumaa ndani ya seli iliyopungukiwa oksijeni. Wengine, kwamba wengu huiondoa mapema seli iliyoambukizwa. Ushahidi wa pande zote mbili una uzito, na naona njia hizo husaidiana.

Leo malaria imepungua sana katikati ya jiji, lakini jeni haiondoki pamoja na mbu. Tanzania hukadiriwa kupata watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na hospitali ya Muhimbili, jirani na Kariakoo, imekuwa ikiwafuatilia maelfu ya wagonjwa tangu 2004. Wazazi wakiwa na jeni moja kila mmoja, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto mgonjwa. Wachumba, pimeni damu kabla ya ndoa. Na mtoto mchanga apimwe mapema, kwa kuwa penisilini, chanjo na haidroksiurea huokoa maisha.